Kutoka Windows kwenda Linux Mint: mwongozo wa hatua za mwanzo

Maswali yanayorudi ni yaleyale. Nianzie wapi? Faili zangu zitapona? C iko wapi? Mbona programu niliyopakua haifunguki? Mbona saa imerudi nyuma? Yameongezeka tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Laptopu nyingi za mtumba, kama HP EliteBook 840 G3, ThinkPad T450 au Dell Latitude E7450, hazikidhi masharti ya Windows 11, ambayo inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine zenyewe bado ni nzima kabisa.

Hapa tunatumia Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta unaoshika nafasi ya Windows, kwa sababu mtu aliyezoea Windows hapotei ndani yake: menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, dirisha hufungwa kwa alama ya X palepale. Zipo Linux nyingine nzuri, lakini mgeni akianza kuzilinganisha moja moja atamaliza mwaka hajasakinisha hata moja.

Jambo moja ulijue mapema. Kama riziki yako inategemea programu ya Windows pekee, mfano QuickBooks ya kwenye kompyuta, Photoshop, au Excel yenye makro nzito, usiifute Windows. Iweke Mint pembeni yake, utumie zote mbili. Atakayekuambia kwamba kila programu ya Windows itakubali ndani ya Linux kwa kutumia Wine hajajaribu programu za kutosha.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Laptopu ya biti 64. RAM ya GB 2 ndiyo kiwango cha chini kabisa cha Mint, lakini kivinjari chenye tabo nne tano kitaimaliza yote. Anza na GB 4. Diski iwe na nafasi ya GB 20 kwa uchache. GB 50 au zaidi ndiyo ya kukaa kwa raha.
- Flashi ya GB 8. Kila kilichomo kitafutika.
- Diski ya nje au flashi nyingine ya kuhifadhia nakala za faili zako.
- Bando la GB 5 hivi. Faili ya Mint peke yake inakaribia GB 3, na masasisho ya siku ya kwanza huweza kufika GB 1 au kupita.
- Simu ya Android na waya wake wa USB, kwa ajili ya intaneti endapo Wi-Fi itagoma.
- Chaja, iliyochomekwa. Betri ya mtumba haiaminiki, na umeme ukikatika katikati ya usakinishaji utaanza upya.

Hatua

1. Hamisha faili zako. Nakili Desktop, Documents, Downloads na Pictures kwenye diski ya nje. Usisahau alamisho za kivinjari. Kisha chomeka diski hiyo kwenye kompyuta nyingine na ufungue faili mbili tatu uhakikishe zinasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu kuwa nakala.

2. Tuliza Windows. Angalia kama BitLocker, kufuli la diski la Windows, imewashwa. Ikiwa imewashwa, hifadhi ufunguo wake wa tarakimu 48 nje ya laptopu hiyo, kwa sababu ukigusa BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka), Windows inaweza kuudai. Kisha fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, andika:

   `powercfg /h off`

   Amri hii inazima ile tabia ya Windows ya kujifanya imezimika kumbe imelala. Usipoizima, Mint itaiona diski ya Windows ikiwa imefungwa nusu na haitakuruhusu kuandika chochote humo.

3. Pakua Mint kutoka linuxmint.com. Chukua toleo la familia ya 22, ambalo litapata masasisho hadi 2029. Utakuta aina tatu: kwa RAM ya GB 4 na zaidi chukua Cinnamon, chini ya hapo chukua Xfce. Ya tatu, MATE, haina ubaya, ila kwa mgeni hakuna haja.

   Bando likikatika katikati, faili inaweza kuonekana nzima kumbe ina kasoro. Ipime ukiwa Windows, kwenye folda ulikoipakulia:

   `certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256`

   Utapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Linganisha na ule ulioandikwa kwenye tovuti ya Mint. Zikitofautiana hata herufi moja, pakua upya. Watu wengi huruka hatua hii, na wengi wa wanaosema usakinishaji umekwama katikati wanatoka kundi hilohilo.

4. Andika Mint kwenye flashi kwa Rufus, programu ya Windows ya kuandaa flashi za kuwashia. Fungua Rufus, chagua flashi yako, chagua faili ya ISO, bofya START. Ikikuuliza namna ya kuandika, kubali ile inayopendekeza. Flashi ikikataa kuwaka baadaye, rudia na uchague DD.

   Kosa la kawaida: kuburuta faili ya ISO na kuidondosha kwenye flashi kama unavyonakili wimbo. Haitawaka. Lazima iandikwe na Rufus au programu nyingine ya aina hiyo.

5. Washa laptopu kutoka kwenye flashi. Zima kabisa, chomeka flashi, washa, na papo hapo anza kubonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia mara kwa mara: HP ni F9 (au Esc kwanza), Dell ni F12, ThinkPad ni F12, Asus ni Esc au F8. Acer nyingi hutumia F12, ila mara nyingine lazima kwanza uiruhusu ndani ya BIOS kwa F2. Chagua jina la flashi, kisha mstari wa kwanza wa menyu itakayotokea.

6. Jaribu kabla ya kusakinisha. Hapa ndipo wengi hukimbia, na ndipo ungepaswa kukaa muda mrefu kuliko kote. Mint inayowaka kutoka kwenye flashi ni kamili na haigusi diski yako. Kagua vitu hivi kimoja kimoja: Wi-Fi inaona mitandao? Sauti inatoka? Kamera? Vitufe vya mwanga wa skrini? Padi ya mguso? Funika laptopu, subiri dakika mbili, funua, imeamka? Fungua video uone kama inakwama.

   Kumbuka vitu viwili. Ukitumia flashi mfumo unakwenda taratibu kuliko utakavyokuwa kwenye diski, kwa hiyo usiuhukumu kwa mwendo. Na chochote utakachohifadhi kwenye Mint hiyo ya flashi hupotea ukizima.

7. Sakinisha. Bofya mara mbili aikoni ya "Install Linux Mint" kwenye skrini. Maswali yenye uzito ni matatu tu.

   *Kibodi.* Laptopu za mtumba zinatoka Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, popote. Kwenye kibodi ya Uingereza alama ya @ iko karibu na Enter. Ya Marekani iko juu ya 2. Ya Ujerumani imebadilishana Y na Z, ya Ufaransa inaanza na AZERTY. Tumia kile kisanduku cha majaribio, uandike @, ", # na nenosiri unalokusudia kutumia. Ukichagua kibodi isiyo yako, utaandika nenosiri sahihi na mfumo utalikataa, nawe utalaumu kumbukumbu yako.

   *Aina ya usakinishaji.* "Install alongside" inaacha Windows na kuipa Mint sehemu ya diski. Utavuta mpaka kugawa nafasi. "Erase disk" inafuta diski nzima. Sikiliza hapa: diski D ni kipande tu cha diski ileile. Anayechagua "Erase disk" akidhani D yenye picha za harusi itabaki, harudishiwi kitu. Kama laptopu ina diski mbili kweli, soma jina na ukubwa wa ile unayoichagua. "Something else" waachie wanaojua kugawa diski kwa mkono.

   *Jina na nenosiri.* Jina la kuingilia liwe la herufi ndogo bila nafasi, mfano `asha`. Nenosiri liandike mahali; utaliombwa kila unapoongeza programu.

   Kuna kisanduku cha kuongeza kodeki za video na muziki. Kiweke alama ukiwa na intaneti. Kwenye ramani ya saa, chagua Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, au mji wa karibu yako. Kazi huchukua dakika 15 hadi 30. Ikiisha, washa upya na uchopoe flashi pale tu utakapoambiwa.

8. Kazi za siku ya kwanza. Fungua Update Manager, ile ngao iliyo chini kulia. Inaonyesha ukubwa wa kila sasisho kabla ya kupakua, kwa hiyo ukiwa kwenye bando la siku unaweza kusubiri usiku. Tofauti na Windows, haitawasha upya mashine yako katikati ya kazi.

   Kisha Driver Manager. Ikipendekeza draiva ya Wi-Fi au ya NVIDIA, ikubali. Laptopu yenye Secure Boot (ulinzi unaokagua kinachowaka kwenye mashine) inaweza kukutaka uweke nenosiri la muda. Ukiwasha upya itatokea skrini ya buluu. Chagua "Enroll MOK", endelea, kubali, andika lile nenosiri. Watu huiogopa skrini hii na kuipita, halafu wanashangaa draiva imewekwa lakini Wi-Fi haipo.

   Mwisho weka Timeshift. Hii hupiga picha ya mfumo ili ukiharibu kitu urudi nyuma. Chagua RSYNC na uhifadhi kwenye diski ya Linux. Flashi ya kawaida ya FAT haifai. Timeshift kwa kawaida haihifadhi nyaraka zako. Inalinda mfumo peke yake, barua na picha utaendelea kuzinakili mwenyewe.

9. Jua faili zinakaa wapi. Hakuna C wala D. Kila kitu kinaanzia kwenye `/`, na makazi yako ni `/home/asha`, ambamo utakuta Documents, Downloads na Pictures kama ulivyozoea. Flashi hutokea upande wa kushoto wa kidirisha cha faili, na njia yake ni `/media/asha/` ikifuatiwa na jina la flashi. Mkwaju umelala upande wa `/`, si `\`.

   Herufi kubwa na ndogo ni vitu tofauti: `Barua.odt` na `barua.odt` ni faili mbili zinazoweza kukaa folda moja. Faili ambayo jina lake linaanza na nukta imefichwa. Ione kwa Ctrl+H. Humo kuna mipangilio ya programu zako, usizifute kwa kudhani ni takataka.

10. Programu hazitafutwi mtandaoni. Hili ndilo zoea gumu kuliko yote kuacha. Faili ya `.exe` ni ya Windows. Ukiibofya Mint haitakuelewa. Fungua Software Manager, tafuta jina, bofya Install. Firefox na LibreOffice zimo tayari. VLC, GIMP, Audacity, Telegram, vyote vimo. Ukiona programu moja inatolewa kwa namna mbili, ya mfumo na ya Flatpak (kifurushi kinachojitegemea), na bando lako ni dogo, chukua ya mfumo: Flatpak ya kwanza huja na mizigo yake ya mamia ya megabaiti. WhatsApp itumie kwenye kivinjari, au itengenezee aikoni yake kwa kifaa cha Mint kiitwacho Web Apps.

11. Flashi na simu. Ukinakili filamu kwenye flashi, mstari wa maendeleo unaweza kuisha huku data bado iko kwenye RAM ikisubiri kuandikwa. Ukichopoa hapo, faili itafika imekatika. Bofya alama ya kutoa iliyo pembeni ya jina la flashi, usubiri uambiwe ni salama.

    Flashi iliyotoka steshenari ikiwa na kirusi cha "shortcut" ina raha yake hapa: faili ambazo Windows ilizificha, Mint kwa kawaida inazionyesha, wakati mwingine zikiwa ndani ya folda isiyo na jina linaloonekana. Zitoe, kisha ufute zile zenye mwisho wa `.lnk` na `.vbs`.

    Simu ya Android: chomeka waya, na kwenye simu yenyewe chagua kuhamisha faili. Usipochagua, kompyuta itaona folda tupu.

12. Nyaraka. LibreOffice hufungua faili za Word na Excel. Ukimtumia mtu anayetumia Word, hifadhi kama `.docx`, kama hahitaji kuhariri, mpe PDF. Barua ikifunguka mistari imehama, tatizo mara nyingi ni fonti. Liberation inashika nafasi ya Times New Roman na Arial kwa vipimo vilevile. Kwa Calibri na Cambria ongeza hizi, kwa kuandika amri hii kwenye Terminali (hatua ya 13):

    `sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`

13. Terminali, kidogo tu. Unaweza kutumia Mint miezi bila kuigusa, lakini amri chache zitakuondolea woga. Ifungue kwa Ctrl+Alt+T.

    `pwd` inakuambia uko folda gani.
    `ls` inaorodhesha vilivyomo.
    `cd Downloads` inaingia humo, `cd ..` (acha nafasi kabla ya nukta) inarudi nyuma.
    `mkdir Risiti` inaunda folda.
    `cp barua.odt Risiti/` inanakili.
    `mv barua.odt barua-ya-kazi.odt` inabadili jina.
    `df -h` inaonyesha nafasi ya diski, `free -h` ya RAM.
    `sudo apt update`, kisha `sudo apt upgrade`, zinasasisha mfumo.

    `sudo` maana yake unaomba haki za msimamizi. Unapoandika nenosiri, huenda usione hata alama moja ikitokea. Linaingia, maliza na ubonyeze Enter. Kunakili na kubandika humu ni Ctrl+Shift+C na Ctrl+Shift+V, kwa sababu Ctrl+C peke yake inakatisha kazi inayoendelea. Bonyeza Tab ukiwa umeandika herufi chache za jina, itamalizia yenyewe, hata majina yenye nafasi kama `Barua ya Kazi.odt` ambayo ukiyaandika kwa mkono lazima uyafunge kwa alama za nukuu.

    `rm` haipeleki kitu kwenye pipa la taka. Inafuta moja kwa moja. Amri yoyote utakayopewa mtandaoni ikiwa na `rm -rf`, `dd`, au inayopakua kitu na kukikabidhi hapohapo kwa `sudo bash`, usiibandike mpaka umeelewa kila neno lake.

Mambo yakigoma

*Laptopu inapita moja kwa moja kwenye Windows.* Ingia menyu ya kuwashia na utafute jina "ubuntu". Ndiyo Mint hiyo. Imejengwa juu ya Ubuntu na imeachiwa jina hilo. HP hasa zina ukaidi huu. Ingia BIOS kwa F10 na uipandishe "ubuntu" juu ya "Windows Boot Manager".

*Kisakinishi hakioni diski.* Kwenye BIOS, diski huenda imewekwa RAID au Intel RST. Badili iwe AHCI. Tahadhari: Windows iliyokuwemo inaweza kukataa kuwaka baada ya hapo, kwa hiyo kama unaihitaji, tafuta kwanza namna ya kuiandaa kwa AHCI.

*Skrini nyeusi wakati wa kuwaka, hasa zenye NVIDIA.* Kwenye menyu ya flashi chagua "compatibility mode". Ikiwa umeshasakinisha, bonyeza `e` kwenye menyu ya kuwashia ya Mint yenyewe (GRUB), si ile ya laptopu, ongeza `nomodeset` baada ya maneno `quiet splash`, bonyeza F10. Ukishaingia, weka draiva kupitia Driver Manager.

*Wi-Fi haipo kabisa.* Kadi za Broadcom ndizo zinazosumbua zaidi. Chomeka simu kwa waya, washa ushirikishaji wa intaneti kwa USB, subiri alama ya mtandao itokee, kisha fungua Driver Manager.

*Saa ya Windows imerudi nyuma saa tatu.* Mint huweka saa ya ndani ya mashine kwa UTC, Windows huisoma kama saa ya hapo ulipo. Tofauti ya Afrika Mashariki ni saa 3; Kigali, Bujumbura na Bukavu ni 2. Ukiwa Mint andika:

`timedatectl set-local-rtc 1`

*Ujumbe wa "Could not get lock".* Programu nyingine inasasisha. Subiri dakika chache. Usifute faili ya kufuli hata ukishauriwa. Kama umeme ulikatika wakati wa kusasisha, tumia `sudo dpkg --configure -a`.

*Printa ya HP LaserJet P1102 inaonekana lakini haichapi.* Inahitaji kiongezi cha HP. Ukiwa na intaneti, andika `hp-plugin -i` na ufuate maelekezo, kisha uiongeze printa upya.

*Mashine ni nzito hata baada ya Mint.* Ikiwa bado ina diski ya kuzunguka, hakuna mpangilio utakaoiponya. Weka SSD ya SATA ya inchi 2.5 kabla ya kufikiria kuongeza RAM.

Ukikwama kabisa na kutaka kuuliza watu, usipige picha ya skrini kwa simu iliyotikisika. Nakili ujumbe wa kosa kama maandishi, useme ulikuwa unafanya nini ulipotokea, na uambatanishe matokeo ya `inxi -Fxz`. Amri hiyo inataja prosesa, kadi ya Wi-Fi na draiva zilizopo, na ile `z` ya mwisho inaficha anwani za mtandao na namba za utambulisho wa mashine yako.